Kanisa Mbele ya Baa ya Kalekye

Jumanne, 14 Oktoba 2025. Asubuhi mawingu yalikusanyika juu ya soko letu la Kwa Nzau, yakakaa, yakanguruma kidogo, kisha yakaondoka bila kuamua chochote. Nilidhani ni mvua. Kumbe yalikuwa yanatuonyesha mfano wa kamati.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita ulilikuta limefungiwa nyama, nafupisha. Barabara ilipopanuliwa pale Salama, kibanda changu cha ndizi nacho kilipanuliwa, kikawa vipande. Mume wangu akaenda Voi kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Mdogo wangu Kalekye akanichukua, akanipa chumba nyuma ya nyumba yake. Nyumba yenyewe ni baa.

Ndiyo. Mimi Nzilani, mwombaji, mwanafunzi wa darasa la jioni katika umri wa kuitwa nyanya, nalala nyuma ya baa. Kazi yangu pale ni kuosha glasi. Naziosha nikizikemea. Na taa ninayosomea vitabu vyangu inalipiwa na walevi. Mlevi akiongeza chupa moja, mimi naongeza ukurasa mmoja.

Tangu nifike nimekuwa nikiomba baa hiyo ifungwe. Sikumficha Kalekye. Naomba kwa sauti, na ukuta ni wa mbao.

Halafu kaunti ikabadilisha sheria ya vileo. Zamani leseni ziliamuliwa ofisini, mbali, na ukinyimwa hukujua ni nani amekunyima. Sheria mpya inasema kamati ishuke mpaka sokoni, ikae mbele ya watu wote, isikilize majirani, ndipo iamue. Inasema pia kwamba baa isikaribie shule wala nyumba ya ibada kwa mita mia tatu. Siku hizi unanyimwa ukiangalia. Hayo ndiyo mageuzi, na mimi nilimshukuru Mungu kwa magoti yote mawili.

Shida ni kwamba karibu na Kalekye hapakuwa na shule wala kanisa. Mpaka akaja Pasta Mutisya na lori.

Kufikia jioni kanisa lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na baa. Nguzo, mabati, viti vya plastiki, spika mbili. Pasta akauliza ni nani anaomba sana hapa sokoni. Watu wakanionyesha kwa kidole, wengine wakicheka. Nikafanywa mama wa maombi, nikapewa ufunguo.

Jua lilipopanda siku ya kwanza, nukta za mwanga zilianguka sakafuni kutoka kwenye paa. Nilisimama nikatoa ushuhuda. Nikasema hizo ni nyota za mchana, Roho ametutembelea. Watu wakasema amina. Mwanamke mmoja alilia.

Wiki iliyopita nilikuacha mlangoni mwa chumba changu. Kalekye alikuwa amesimama hapo akiniuliza, "Dada, Jumanne utasema nini mbele ya kamati?"

Leo asubuhi alirudi na chai.

"Umelala?"

"Nimeomba."

"Umeomba nini?"

"Unajua nilichoomba."

Akaweka kikombe juu ya kitabu changu cha hesabu. "Umeomba nifungwe. Kwa kitanda changu, chini ya taa yangu. Na hiyo chai ni ya pesa ya bia. Kunywa ikiwa moto, dhambi ikipoa haina ladha."

Nilikunywa. Nilikuwa nimefunga kula, sikuwa nimefunga chai.

"Kalekye, sikuchukii wewe. Nachukia baa."

"Baa ina miguu? Baa ina watoto sekondari? Leseni ikienda, dada, baa haitalia. Nitalia mimi. Na wewe utasomea wapi?"

"Mungu atafungua mlango."

"Alishafungua. Ni ule wa nyuma, karibu na choo. Umeutumia mwaka mzima."

Akachukua kikombe akaenda. Mimi nikavaa kitambaa cheupe kichwani, nikavuka barabara kwenda kumshinda shetani.

Pasta Mutisya alikuwa amevaa suti ya rangi ya ndimu. "Mama Nzilani, Bwana asifiwe! Leo ni siku ya ushindi. Kamati wakifika, wakute kanisa limejaa."

"Pasta, ni Jumanne. Watu wako shambani wanangoja mvua."

"Nimeleta wengine."

Kweli alikuwa ameleta. Lori lilishusha wanaume, vijana kwa wazee, kanisa likajaa mpaka mlangoni. Machozi yalinitoka. Nilipoyafuta, nikawatambua baadhi yao. Ni wateja wa Tulizana, ile baa kubwa ya Mbuvi kule njia panda. Nikasema moyoni, tazama mavuno!

Wakaanza kuimba. Nyimbo hawakuzijua, lakini sauti walikuwa nazo. Mmoja aliinua mkono na vidole viwili, kama mtu anayeagiza yake na ya rafiki. Niliposema tufumbe macho, mwingine alifumba akakoroma. Niliposema amina, sauti ikatoka nyuma, "Ongeza!"

Nikajiambia bado ni wachanga katika imani.

Na kwenye kiti cha mwisho, mikono yote miwili juu, alikuwa Mbuvi mwenyewe. Mbuvi! Mtu ambaye tumbo lake peke yake linahitaji leseni. Nilimwombea mtu huyu miaka mingi. Nikakaribia kuzirai kwa furaha.

Kamati ikafika. Mwenyekiti ni Madam Nthiwa, mwanamke mfupi mwenye viatu vya vumbi, asiyetabasamu bila sababu. Aliandamana na wanakamati watatu na tepu moja ya kupimia.

Kutoka madhabahu yetu ungerusha chapati ikafika kaunta ya Kalekye ikiwa bado moto. Lakini sheria inasema kupima, kwa hiyo wakapima. Boda boda zikasimamishwa. Kisha wakabishana kanisa linaanzia wapi. Mmoja akasema madhabahuni. Wa pili akasema mlangoni. Wa tatu akasema kwenye spika, kwa sababu hapo ndipo kanisa linapowafikia watu.

"Kanisa huanzia mbinguni!" akasema Pasta.

"Tepu yetu haifiki," akasema Madam Nthiwa. "Pimeni mlango."

Wakapima mlango. Wakagundua jambo ambalo kila kuku wa soko hili alilijua: baa na kanisa ziko karibu.

Nikatumwa kuleta maji ya wageni. Nyuma ya kanisa nilimkuta dereva wa lori ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, mtaimbo magotini.

"Mwaitu, wewe ndiye mwenye ufunguo?" akaniuliza kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama yake.

"Ni mimi."

"Tuanze kufungua upande gani? Nimeambiwa hawa watu wa kaunti wakienda tu, nipakie. Nataka kesho niwe Kathonzweni kabla jua halijakuwa kali."

"Upakie nini?"

"Kanisa."

Nikafikiri amekunywa. Nikamnusa. Alikuwa mzima.

"Haka kanisa kametembea kuliko mimi," akasema huku akicheka. "Mwezi wa nane tulikuwa nako Tawa. Mbuvi ana baa huko pia, na kulikuwa na nyingine inamnyang'anya wateja. Tukakapiga mbele yake, kamati ikaja, baa ikanyimwa, tukakang'oa. Sasa Kathonzweni, karibu na baa yake nyingine, kuna mama anauza vizuri sana." Akagonga bati kwa mtaimbo. "Ila mabati yanazeeka. Ona matundu ya misumari. Kila tukihama tunapigilia upya. Mvua ikinyesha hapa, mtaoga."

Nikaangalia juu. Nyota zangu za mchana.

Nimepatwa na mengi, na umeyasoma yote katika kurasa hizi. Nimeachwa, nimebomolewa. Lakini sijawahi kuona haya kama ya kutoa ushuhuda juu ya misumari ya Mbuvi.

Nikasema kimoyomoyo: Bwana, nilikuomba uifunge baa ya Kalekye. Sikukuomba umfungulie Mbuvi.

Nikangoja jibu. Dereva akaniuliza kama kuna chai.

Nikamvuta Pasta pembeni, nyuma ya spika.

"Pasta, mwezi wa nane ulikuwa wapi?"

"Katika huduma."

"Huduma ya Tawa?"

Akatabasamu kwanza, kisha akafikiri. Kwa kawaida watu huanza na kufikiri. "Mama Nzilani, Mungu alimtumia hata punda."

"Punda alisema ukweli."

"Hebu nikuulize. Umeomba baa hiyo ifungwe, au hukuomba?"

"Nimeomba."

"Basi inafungwa. Sasa unataka kumuuliza Mungu alikuja kwa lori la nani?"

Huo ndio ubaya wa watu kama Pasta Mutisya. Anadanganya kutwa nzima, halafu mara moja anauliza swali zuri.

Akanisogelea. "Na Mbuvi si mtu mbaya. Nasikia darasa lenu la jioni mnakaa kwa kibaraza cha posho mill, vumbi la unga puani. Mbuvi ana chumba huko Tulizana. Kina stima, kina ubao. Mtasoma kama watu. Wewe kazi yako ni moja. Ukiulizwa kama kanisa lipo, sema lipo. Si uongo. Gusa, ni bati."

Sitawadanganya. Nilikiona hicho chumba. Niliona mpaka mahali nitakapokaa, karibu na dirisha. Nilijiona nikifaulu mtihani, nikisimama kutoa shukrani. Yote hayo niliyaona nikiwa nimeshika Biblia kifuani, na Biblia haikuniwasha hata kidogo.

Kikao kikaitishwa. Watu wakakaa barabarani, nusu kwa viti vya kanisa, nusu kwa benchi za baa.

"Sheria inataka nisikilize majirani kwanza," akasema Madam Nthiwa.

Akainuka Nasima mwenye duka la sukari na sabuni, ambaye watu wake walitoka pwani zamani na bado anaongea Kiswahili kama anakihesabu. "Mheshimiwa, mimi sinywi kule wala sisali huku, kwa hiyo sina upande. Nilipofungua duka langu, baa niliikuta. Kanisa limenikuta mimi. Siku hiyo asubuhi nilifungua duka, kanisa halipo; jioni nikafunga, lipo. Hata uyoga hungoja mvua."

Watu wakacheka. Pasta akaruka. "Imani hukua haraka!"

"Tunaona," akasema Madam Nthiwa. "Lakini sheria haiulizi umri wa kanisa. Inauliza kama lipo. Msemaji wa waumini ni nani?"

Nikahisi mkono wa Pasta mgongoni. Nikajikuta mbele.

Kalekye alikuwa amesimama mlangoni pa baa akipangusa glasi ambayo mimi mwenyewe niliiosha jana. Hakuniangalia kwa hasira. Hasira ningeiweza, nimezoea. Aliniangalia kama mtu aliyeketi nje ya chumba cha daktari.

"Mama," akasema Madam Nthiwa, "kanisa lipo?"

"Lipo."

"Amina!" akapaza Pasta. Kalekye akaweka glasi chini.

"Lipo leo," nikaendelea. "Kesho litakuwa Kathonzweni. Mwezi wa nane lilikuwa Tawa. Dereva yuko hapo nyuma na mtaimbo, ananingoja nimwambie aanze upande gani."

Kelele zikainuka. Pasta akanyakua maikrofoni. "Huyu mama ana pepo la baa! Analala humo! Kanisa hili haliondoki!"

"Haliondoki na lori?" nikamuuliza.

"Halitapanda lori!"

"Rudia, Pasta, kamati iandike."

"Kanisa hili halitapanda lori, katika jina la Bwana!"

"Amina," nikasema. Nikageukia watu. "Mmesikia. Haliendi kwa lori. Basi litaenda kwa mikono. Ufunguo ninao mimi, na waumini ni sisi wa hapa. Kama kazi ya kanisa ni kufunga baa, kwa nini tunaanza na ndogo? Mwethya wetu utalibeba mpaka mlangoni pa Tulizana."

Mwethya ni kikundi chetu cha akina mama cha kufanyiana kazi. Tumebeba mawe ya bwawa la mchanga tukiwa na watoto mgongoni. Bati kwetu ni leso. Hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati huo. Ukweli ni kwamba sikuwa nimemuuliza mwanamke hata mmoja.

Kule nyuma, mikono ya Mbuvi ikashuka kutoka mbinguni.

"Hakuna mtu atagusa mabati yangu!"

Pikipiki moja ikazimwa.

Madam Nthiwa akageuka polepole. "Yako?"

Mbuvi akainua tena mikono juu. "Ya... ya Bwana," akasema. "Mimi nayatunza tu."

"Boss!" akaita yule muumini wa vidole viwili. "Hiyo kreti ulituahidi tukiimba iko wapi? Koo imekauka!"

"Nyamaza, wewe!"

"Tumeimba mpaka ile ya Kikamba, boss!"

Hapo nilitegemea radi. Nilitegemea Madam Nthiwa apige meza, aseme kesi imekwisha, Kalekye apewe leseni yake, nami nirudi kuosha glasi kwa amani. Lakini wewe unayenifuata kila wiki unajua mambo yangu hayaishi hivyo.

Madam Nthiwa akafunika kalamu. "Zamani ningerudi ofisini nikaandika nilichotaka. Sheria mpya imenitaka nisikilize, na nimesikiliza mpaka kichwa kinauma. Haya ya mabati nitayapeleka kunakohusika, na yatachukua muda wake. Lakini leseni ya huyu mama inaamuliwa wiki hii, na kipimo ni kipimo. Nitapita hapa Jumapili. Nikikuta kanisa mbele ya baa hii, siwezi kutoa leseni. Nikilikuta mbele ya Tulizana, tepu yangu ni ile ile."

"Na mimi," akasema Mbuvi, sasa bila unyenyekevu wowote, "nikimkuta mtu na bati la... la Bwana kichwani, huyo ni mwizi. Askari atakuwa hapo."

"Rudisha ufunguo!" akasema Pasta. "Umeondolewa. Wewe si mama wa maombi tena."

Nikaufunga ufunguo kwenye pindo la leso, mafundo mawili.

Kalekye akavuka barabara. Tangu kanisa lisimame hajawahi kuvuka kuja upande huu. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Dada, wewe hujawahi kubeba hata kreti tupu. Utabeba kanisa?"

"Wewe utashika upande wa pili."

"Ili ukimaliza urudi kule nyuma uniombee nifungwe?"

"Ndiyo," nikasema. "Ile kazi bado siipendi. Lakini sitaomba tena kupitia ukuta. Nitaomba ukiwa umekaa hapo, unaniona, na kwanza tutatafuta pamoja kitu kingine cha kukulisha na watoto."

Akacheka, ila macho yalikuwa yamelowa. "Maneno ya chumbani hayo. Wewe unamwahidi Mungu usiku, asubuhi unakunywa chai yangu. Sema mbele ya watu."

Nikapanda juu ya kiti cha plastiki. Kikapinda. Nasima akanishika mkono upande mmoja, Kalekye upande wa pili.

"Madam Nthiwa, na kamati yako, na Nasima, na ninyi mlioletwa kuimba, mnisikie nyote," nikasema kwa sauti ile ninayoitumia kukemea. "Mimi Nzilani binti Kitonga naahidi: Jumapili jua likichomoza, mtanikuta barabarani na bati la kwanza kichwani, nikielekea Tulizana, hata nikiwa peke yangu. Askari akinikamata, atanikamata nikiimba. Na kanisa hili likibaki hapa, nitapanda ngazi mimi mwenyewe, nishushe bango la baa ya mdogo wangu kwa mikono hii, halafu nitalala nje pamoja naye."